Je, Eksirei za Nyota Zatuhusu Nini?

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi kaka zetu mliokwisha kupita katika shule hii, naomba nafasi katika kurasa hizi chache za Kiswahili niseme neno ambalo limenikaa moyoni tangu mjadala wetu wa muhula uliopita. Hoja iliyotolewa siku ile ilikuwa hii: kwamba elimu ya nyota haina faida kwa nchi kama yetu. Mimi nilikuwa upande wa kuipinga, nasi tulishindwa kwa kura nyingi. Sikusikitika kwa kushindwa, maana mjadala ni kama mpira, una mshindi na mshinde. Nilisikitika kwa maneno ya mgeni wetu mmoja, mtu mzima aliyesoma sana, ambaye alisimama mwisho akasema kuwa mambo ya nyota ni ya Wazungu na Wajapani, hayakupata kuwa yetu hata siku moja, wala lugha zetu hazina maneno ya kuyasemea. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilikaa kimya, kwa kuwa wakati ule sikuwa na jawabu. Leo ninalo, nami naliandika kwa Kiswahili makusudi.

Kwanza nieleze natoka wapi. Kwetu ni Kabalagala. Asiyepajua na amwulize dereva yeyote wa boda boda katika Kampala, atamwambia kuwa hapo hapalali. Taa za mabaa huwaka mpaka asubuhi, nyama huchomwa kando ya njia, muziki wa Kongo hushindana na wa Nigeria, na kwa umbali wa kutupa jiwe waweza kusikia Kiganda, Kiswahili, Kilingala, Kitigrinya na Kisomali. Mama yangu hukaanga chapati na mayai, zile tuziitazo rolex, tangu saa kumi na moja ya jioni hata usiku wa manane. Nilikua nyuma ya kibanda chake, nikipuliza makaa na kuhesabu chenji. Nyota sikuzijua, maana taa zilikuwa nyingi mno. Niliziona usiku wa umeme kukatika tu, nami sikuzipenda, kwa sababu umeme ukikatika wateja huondoka.

Nilipokuwa na umri wa miaka 12, mama alishikwa na kikohozi kisichokwisha. Katika hospitali moja tuliambiwa apigwe picha ya kifua kwa eksirei, lakini mashine ilikuwa imeharibika, na mtu wa kuitengeneza hakuwapo. Tulingoja majuma matatu. Mwishowe tukaenda mahali pengine, tukalipa kwa fedha zilizowekwa kwa karo yangu. Mpiga picha aliniamuru nikae nyuma ya ukuta. Nikamwuliza, “Bwana, kitu hicho kinachopita katika mwili wa mama yangu, nacho hakionekani, ni kitu gani?” Akanijibu, “Ni nuru, mwanangu, ila ni nuru kali kuliko macho yako.” Mama alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini jibu lile halikunitoka.

Baadaye, katika maktaba ya shule yetu, nilisoma kuwa nuru ile ile hutoka mbinguni pia. Hewa inayotuzunguka huizuia isitufikie, nasi yatupasa kushukuru, maana ingefika yote tusingeishi. Basi kwa sababu hiyo hakuna mtu aliyeijua mpaka roketi zilipoweza kupanda juu ya hewa. Mwezi wa Juni 1962, miezi michache kabla ya Uganda kujitawala, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi huko Marekani, nayo kwa muda wa dakika chache tu iliona eksirei zikitoka upande wa kundi la nyota la Nge. Lakini roketi hupanda na kushuka. Ni sawa na kulichungulia soko la Owino kwa tundu la ufunguo. Kilichotakiwa kilikuwa chombo cha kukaa juu na kutazama mbingu zote kwa muda mrefu.

Sasa nisikilizeni, enyi mliopiga makofi. Watu hao walipotafuta mahali pa kurushia chombo hicho, walikuja Afrika ya Mashariki. Waitaliano, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio, walikuwa na jukwaa la chuma liitwalo San Marco, lililosimama kwa miguu yake baharini, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Walipapenda hapo kwa sababu mbili. Ya kwanza, dunia huzunguka kwa mwendo mkubwa kuliko pote penye ikweta, kilomita 1,670 hivi kwa saa, na mwendo huo huisaidia roketi kama vile mtu anayeruka kutoka katika gari linalokwenda. Ya pili, chombo kinachozunguka juu ya ikweta hukwepa kwa sehemu kubwa mahali fulani juu ya Atlantiki ya Kusini ambapo chembe za umeme kutoka angani hushuka chini na kuvisumbua vyombo. Kwa hiyo ikweta, ambayo sisi tunaijua kama mstari wa kupigia picha watalii pale Kayabwe katika njia ya Masaka, ilikuwa ni mali.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea miaka 7 ya kujitawala, roketi ya Scout iliondoka pale baharini ikiwa imebeba satelaiti ya Wamarekani. Msimamizi wa kazi ile alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Na kwa heshima ya siku ile na nchi ile, satelaiti ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya elimu ya eksirei za mbinguni peke yake, na jina lake lilikuwa neno la Kiswahili.

Wala haikuwa na jina tu, bali ilifanya kazi. Kabla yake watu walijua vyanzo vya eksirei makumi machache tu katika mbingu zote. Orodha yake ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, ina vyanzo 339. Mwaka 1971 iliona kuwa kimoja, kiitwacho Centaurus X-3, humeta na kufifia kila baada ya sekunde 4.8 bila kukosea, na kingine, Hercules X-1, kila baada ya sekunde 1.24. Ikafahamika kuwa hizo ni nyota za nyutroni zenye sumaku kali, zikivuta gesi kutoka kwa nyota wenzao, na gesi hiyo huongozwa na sumaku mpaka kwenye ncha zake, ikaanguka hapo kwa kishindo na kuwaka kwa eksirei. Giacconi alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi yake ya kuianzisha elimu hiyo.

Huenda msomaji akauliza: nyota ya nyutroni ni nini? Nyota kubwa ikiishiwa na kani yake ya ndani, kiini chake huanguka juu ya nafsi yake, kikajibana mpaka protoni na elektroni zikashindiliwa kuwa nyutroni. Hupatikana kitu chenye uzito kuzidi Jua letu, lakini upana wake ni kilomita 20 hivi, yaani kama toka Kampala mpaka Mukono. Kijiko kimoja cha chai cha udongo wake kingekuwa na uzito wa zaidi ya tani 1,000,000,000. Na miongoni mwa nyota hizo zipo chache zilizozidi nyingine zote kwa sumaku, ziitwazo magneta. Sumaku ya dunia yetu, ile inayogeuza sindano ya dira, ni kama nusu ya gausi. Mashine kubwa za sumaku katika hospitali, zile za kupiga picha za ubongo, zina gausi 15,000 au 30,000. Magneta ina gausi 100,000,000,000,000 na zaidi.

Katika ile orodha ya nne ya Uhuru, kila chanzo huitwa kwa alama 4U, na herufi U ni ya Uhuru. Kimoja kati yao ni 4U 0142+61, upande wa kundi la nyota la Cassiopeia, umbali wa miaka 13,000 hivi ya mwendo wa nuru. Uhuru ilikiona na kukiandika, lakini hakuna aliyejua kimeandikwa nini. Ni katika miaka ya 1990 ndipo ilipojulikana kuwa hujizungusha mara moja kwa kila sekunde 8.7, na hatimaye kuwa ni magneta.

Ilijulikanaje? Hapa naomba msomaji anifuate, kwa sababu hesabu yake ndiyo iliyonifanya niipende elimu hii, nayo ni hesabu ya kibandani kwa mama. Nyota inayozunguka hupunguza mwendo wake kidogo kidogo, na nguvu inayopotea kwa kupunguza mwendo yaweza kupimwa. Hilo ndilo pato lake. Kisha hupimwa nguvu ya eksirei inazotoa. Hayo ndiyo matumizi yake. Walipolinganisha, waliona kuwa nyota hii hutumia mamia ya mara kuliko inavyopata. Wala haina nyota mwenzake wa kumnyang’anya gesi. Sasa mtu akiuza chapati za shilingi 20,000 kwa siku, naye akitumia milioni kadhaa kila siku mwaka hata mwaka, jirani zake hawatasema kuwa ni miujiza. Watasema kuwa ana fedha zilizofukiwa mahali. Akiba ya magneta ni sumaku yake yenyewe. Sumaku inaoza, na katika kuoza kwake hutoa joto na eksirei. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wataalamu walifungua daftari la nyota, wakakuta akiba ambayo hakuna jicho lililoiona.

Tena kuna jambo jingine. Eksirei hafifu za magneta hutoka katika uso wake wenye joto la nyuzi mamilioni. Lakini mwanzoni mwa karne hii satelaiti ya Ulaya iitwayo INTEGRAL, iliyorushwa mwaka 2002, iligundua kuwa magneta kadhaa, na hii yetu ya 4U ikiwamo, hutoa pia eksirei kali sana, zenye nguvu sawa na zile za mashine ya kupigia picha ya kifua, na hata kuzizidi. Uso wenye joto hauwezi kutoa kitu kikali hivyo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mistari ya sumaku nje ya nyota imesokotwa kama kamba, na ndani ya msokoto huo elektroni hukimbia kwa mwendo wa ajabu. Nuru hafifu inayopanda kutoka usoni hugongana nazo, ikapata nguvu mpya. Namna hasa ya kazi hiyo bado inabishaniwa, na wenye kubishana ni watu wakubwa. Nasema hivi ili vijana wenzangu wajue kuwa kazi haijaisha. Katika vitabu vyetu vya mtihani kila swali lina jibu nyuma ya kitabu. Hapa pana swali lisilo na jibu nyuma ya kitabu.

Nguvu hiyo nayo si ya kuchezea. Tarehe 27 Desemba 2004, magneta iitwayo SGR 1806-20, iliyo mbali nasi kwa maelfu mengi ya miaka ya mwendo wa nuru, ililipuka. Kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua ilitoa nguvu ambazo Jua letu lingezitoa kwa zaidi ya miaka 100,000. Tabaka la juu la hewa ya dunia yetu lilitikisika kwa mlipuko ule, na mawimbi ya redio yakavurugika. Mgeni wetu alisema nyota hazituhusu. Siku ile magneta haikuuliza inamhusu nani.

Sasa nije kwenye kiini cha maoni yangu. Wapo watakaosoma habari ya jina la Uhuru wakavimba kichwa, wakasema, “Mnaona? Tulikuwamo!” Mimi sisemi hivyo. Jina tulipewa, hatukulitafuta. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kati ya 1967 na 1988 satelaiti 9 zilirushwa kutoka San Marco. Wageni walikuja, bahari ilikuwa yetu, ikweta ilikuwa yetu, hata jina lilikuwa letu. Lakini mwenyeji alipona nini? Satelaiti ya Uhuru, kwa kuwa ilizunguka karibu na ikweta, ilipita juu ya nchi yetu ya Uganda au kandokando ya utosi wetu mara 14 hivi kila siku, zaidi ya miaka miwili. Ilikuwa ikibeba neno ambalo babu zetu wote walilijua. Hata hivyo katika darasa letu la kidato cha sita, watu 41 wanaosoma fizikia, nilipouliza nani amepata kuisikia habari hiyo, hakuna aliyenyosha mkono.

Wala habari hii si ya zamani tu. Mwaka 2012 Wamarekani walirusha NuSTAR, darubini ya kwanza angani yenye vioo vya kukusanya eksirei kali na kufanya picha zilizo wazi, nayo imezitazama magneta nyingi. Desemba 2021 ikarushwa IXPE, ya Marekani na Italia, inayopima mtikisiko wa mawimbi ya eksirei. Shika kamba, mwenzako ashike ncha ya pili, uitikise: waweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia. Nuru nayo ni hivyo. Mwaka 2022 IXPE ilitoa habari za magneta ya kwanza kupimwa kwa njia hiyo, nayo ilikuwa ni ile ile 4U 0142+61. Ikaonekana kuwa eksirei zake hafifu hutikisika upande mmoja, na zile kali zaidi hutikisika upande unaokingamana na huo. Wataalamu wakasema huenda nyota ile haina hewa juu yake, ila ina uso mgumu, uliogandishwa na nguvu ya sumaku.

Na habari za NuSTAR na za IXPE hushukia wapi duniani? Zimekuwa zikipokewa na antena ya Waitaliano iliyo Malindi. IXPE huzunguka juu ya ikweta hasa, kwa urefu wa kilomita 600 hivi. Maana yake ni kwamba imekuwa ikipita karibu juu kabisa ya vichwa vya watu wa Kampala, juu ya mabaa ya Kabalagala na kibanda cha mama yangu, na baada ya dakika mbili hivi inafika pwani ya Kenya. Hebu fikirini. Habari za nyota iliyo mbali kwa miaka 13,000 ya mwendo wa nuru zinateremka katika pwani ya Waswahili, kisha zinasafirishwa ng’ambo zikasomwe. Kahawa yetu tumelalamika miaka mingi kuwa huuzwa mbichi ikakaangwe kwa wengine. Na habari hizi je? Tena kahawa yauzwa, bali habari hizi ni za bure: baada ya muda uliowekwa huwekwa katika hazina ya intaneti, na mtu yeyote mwenye kompyuta aweza kuzichukua bila kulipa senti. Hakuna mlango uliofungwa. Ni sisi tusiobisha hodi.

Najua nitajibiwa nini. Jawabu hilo nililipata nyumbani, kutoka kwa mtu ninayemheshimu kuliko mgeni yule. Mjomba wangu, ambaye amenilipia karo mara tatu mama aliposhindwa, aliniita wakati wa likizo, akanikalisha chini. Alikuwa amesikia kuwa nimeandika fizikia mahali pa kwanza katika fomu ya chuo kikuu. Akasema, “Mpwa wangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Somea uhasibu, au udaktari ukiweza. Nyota hazilipi karo ya wadogo zako.” Nikamjibu, “Nimesikia, mjomba,” kwa kuwa mtu hamjibu mjomba wake kwa haraka. Lakini nimelifikiri neno lake siku nyingi.

Neno lake lina kweli. Nchi yenye mashine za eksirei zisizo na wa kuzitengeneza haipaswi kujidai kwa magneta. Tena sitaki kumshinda mjomba kwa hila. Ningeweza kumwambia kuwa kampuni iliyotengeneza vyombo vya Uhuru, American Science and Engineering, ilitengeneza pia mashine za kukagua mizigo kwa eksirei, na hiyo ni kweli. Lakini siyo hoja yangu, maana asiyetaka nyota angeweza kuitengeneza mashine ya mizigo moja kwa moja.

Hoja yangu ni hii. Ile mashine iliyoharibika wakati wa ugonjwa wa mama haikukosa chuma wala umeme. Ilikosa mtu anayejua kilichomo ndani yake, yaani mtu aliyewahi kuuliza swali lile nililomwuliza mpiga picha, akafuata jibu lake mpaka mwisho. Watu wa namna hiyo hawazaliwi kwa kuamriwa, “Soma hiki tu, maana kina mshahara.” Huzaliwa kwa kupewa ruhusa ya kustaajabu, kisha kwa kufundishwa kupima wanachokistaajabia. Mwanafunzi aliyepima jinsi eksirei zinavyozaliwa katika sumaku ya nyota hataogopa kufungua mashine ya hospitali. Simwahidi mtu kuwa ataitengeneza kesho. Nasema tu kwamba aliyefundishwa kuiogopa nyota ataiogopa na mashine.

Wala tusijidharau. Tarehe 7 Novemba 2022 satelaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Marekani kwenda kwenye kituo cha anga, na waliofanya kazi ya kuitengeneza huko Japani, katika Chuo cha Kyushu, walikuwa vijana watatu wa Uganda. Ilikuwa ndogo, ungeweza kuipakata. Lakini nao walikuwa wanafunzi kama sisi, wakala posho na maharagwe kama sisi.

Limebaki neno la lugha. Mgeni wetu alisema hatuna maneno. Ninyi mliosoma mpaka hapa, hesabuni. Nuru, sumaku, wimbi, msokoto, uzito, joto, kani, mhimili, dira: yote hayo yalikuwamo katika Kiswahili kabla sijazaliwa. Yale tusiyokuwa nayo, kama nyutroni na roketi, tumeyaazima, kama tulivyoazima meza kwa Wareno na kitabu kwa Waarabu, na hakuna leo anayeona haya kukaa mezani na kufungua kitabu. Najua kuwa hapa Uganda wengi walikitupa Kiswahili kwa kuwa walikisikia kwanza katika vinywa vya askari na wezi, na nyanya yangu ni mmoja wao. Sheria ya nchi ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini sheria haiponyi masikio. Labda dawa ni kukisikia Kiswahili kikisema mambo mengine, mambo ya daftari la nyota.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, nayo ni madogo. La kwanza, mhariri atenge ukurasa mmoja wa Kiswahili katika kila toleo kwa ajili ya elimu ya sayansi, nami nitaandika wa kwanza nisipopata mwingine. La pili, kompyuta za shule ziachwe wazi Jumamosi moja kwa mwezi, ili wanaotaka wajifunze kuzichukua habari za NuSTAR na IXPE na kuhesabu wenyewe mapigo ya nyota. Sekunde 8.7 si jambo la kuaminishwa. Ni jambo la kuonwa. La tatu nawaomba ninyi wanafunzi wa zamani. Mara nyingi mnapokuja mnatuletea fedha za rangi na mabati, nasi twashukuru. Safari ijayo tuleteeni jioni moja. Aliye mhandisi na aje na mashine iliyoharibika aifungue mbele yetu. Aliye daktari na atueleze picha ya kifua. Hata yule mgeni wetu wa mjadala namkaribisha kwa moyo mweupe, tuketi tena.

Mjomba hajakubali bado. Mama, nilipomweleza habari ya pato na matumizi ya magneta, alicheka, akasema kuwa nyota hiyo lazima ina mchezo wa akiba na wanawake wenzake. Kisha akageuza chapati, akauliza, “Na akiba ikiisha, mwanangu?” Nikamwambia kuwa itapoa, izimike polepole, nasi hatutaiona tena. Akanyamaza kidogo, akasema, “Basi kaitazame kabla haijaisha.” Fomu yangu imekwisha kwenda. Fizikia imeandikwa mahali pa kwanza.

Nakoma hapa. Anayeona nimekosea na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha. Ila namwomba aandike kwa Kiswahili.